Sura ya Tisa: Mia Iliyotoka Hewani

Karandinga lilikuwa limeshatoka getini mwa kituo cha polisi, gurudumu la nyuma bado likishuka ukingo wa barabara, Inspekta Ndimu alipolifikia. Mama mmoja alikuwa akilikimbilia ubavuni, mtandio umemwanguka shingoni, analipiga bati kwa kiganja. Hakuwa akipiga kelele. "Mshusheni mwanangu," alikuwa akisema, kwa sauti ya abiria anayemkumbusha dereva kuwa kituo chake kimepitwa.

Ndimu akaenda kusimama katikati ya barabara. Dereva alimfahamu, akakanyaga breki mpaka waliokuwa nyuma wakagongana vichwa.

"Afande, huyu anapelekwa mahakamani," dereva alisema dirishani. "Mkuu ameshasaini."

"Sijakuuliza nani amesaini. Fungua nyuma."

"Sasa afande, gari la mahabusu..."

"Nimewahi kupanda baya zaidi ya hili. Fungua."

Jina la Ndimu alipewa akiwa chuo cha polisi, kwa sababu ya uso wake wa mtu aliyeuma ndimu akakosa pa kuitemea. Miaka ilipita, uso haukutiwa sukari. Asubuhi hiyo ulikuwa mchungu kuliko kawaida, maana alikuwa ametoka ofisi ya mfuko wa akiba wa wastaafu wa reli, na huko alikuwa ameongea na Mkurugenzi.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Wazee wa reli walikuwa na mfuko wao. Mfuko ulikuwa na programu ya kompyuta iliyopanga hisa gani zinunuliwe na ngapi, na kila mwezi programu hiyo ilionyesha faida. Soko lipande, lishuke, faida ipo. Wakubwa wakanogewa, wakamwaga sokoni akiba yote. Kisha siku moja wakaenda kuichukua hiyo faida, wakakuta haipo na haijawahi kuwapo. Wazee wakajazana getini. Mmoja wao, aliyekuwa mpiga ishara wa treni, alikanyagwa na wenzake akafa akiwa ameshika kitambulisho chake. Wakubwa wakafungua programu, wakakuta juu yake jina la binti mmoja wa ofisini, mwenye kazi ya kukokotoa hesabu za hatari. Wakamkabidhi kwa polisi kama mtu anavyotoa takataka nje.

Mkurugenzi alikuwa amemweleza Ndimu yote hayo akiwa amekaa chini ya kiyoyozi, huku wazee wanasikika hadi ghorofani.

"Programu iliingizwa kwa neno la siri la yule Mkokotozi," alisema. "Hapo kuna ubishi gani?"

"Neno lake la siri linajulikana na nani?"

"Na yeye peke yake. Ndiyo maana linaitwa la siri."

Katibu muhtasi wake, aliyekuwa akileta chai, alikohoa. Ndimu akamgeukia. "Mama, una kifua?"

"Hapana, afande. Ila neno hilo ndilo tunalotumia wote kuchapia. Limebandikwa kwenye printa."

Mkurugenzi akamtazama katibu wake kwa jicho la kumwachisha kazi. Halafu akarusha jiwe jingine. "Basi muulizeni friji. Mama yake ni mshonaji wa mtaani, ana friji la milango miwili. Limetoka wapi? Fuateni friji, mtaona mwizi."

"Na programu, kabla haijaingizwa, ilitengenezwa na nani?"

"Wataalamu."

"Wana majina, au walizaliwa hivyo hivyo, wataalamu?"

Hapo Mkurugenzi alikumbuka kikao.

Ndimu aliyakumbuka hayo huku mlango wa karandinga ukifungwa nyuma yake. Ndani walikuwa mahabusu mmoja na askari mmoja. Askari ni Koplo wake, mtu mrefu mwembamba wanayemwita Msumari, mwenye umri wa kustaafu na uvivu wa mtu aliyeshastaafu. Mahabusu ni Mkokotozi. Binti alikuwa amekaa wima, mikono ya pingu mapajani, kama amekuja kwenye usaili.

"Binti, sina muda wa kukubembeleza," Ndimu alisema. "Ukishasomewa mashitaka leo, dhamana huna na jalada limefungwa. Mkuu anataka hivyo, Mkurugenzi anataka hivyo. Nani aliandika ile programu?"

"Sijui, afande."

"Hujui, au husemi?"

"Andika utakavyo."

Hilo ndilo lililomtia Ndimu shaka tangu mwanzo. Mwizi husema. Husema sana, humtaja hata aliyemfundisha kutembea. Huyu alikuwa kimya siku zote alizokuwa ndani.

"Sawa. Usiniambie nani," Ndimu akasema. "Niambie nini. Kosa lenyewe ni lipi? Na unieleze taratibu, mimi hesabu niliachana nayo kwa ugomvi."

Binti akainua uso. Kwa mara ya kwanza alionekana ni mtu mwenye kazi yake.

"Kuna hesabu za vitu visivyotulia," akasema. "Bei sokoni. Vumbi ndani ya maji. Mlinganyo wake una vipande viwili. Kipande kimoja ni mwendo, kule kitu kinakoelekea. Kingine ni mtikisiko, yaani bahati inavyokisukuma huku na huku kila nukta. Unakwenda hatua kwa hatua, unajumlisha. Swali ni moja tu: katika kila hatua, ule mtikisiko unauzidisha na nini? Thamani iliyokuwapo mwanzo wa hatua, au ya katikati ya hatua?"

"Mimi umeniacha kwenye vumbi," Msumari akasema.

"Basi tucheze, Koplo. Bei ya hisa ni mia. Sheria ya mchezo: unashika hisa nyingi kama bei ilivyo. Bei mia, hisa mia. Narusha sarafu. Upande huu, bei inapanda kumi. Upande ule, inashuka kumi. Ikipanda, umepata ngapi?"

"Hisa mia, kila moja kumi. Elfu."

"Ikishuka?"

"Nimepoteza elfu."

"Haki kabisa. Mchezo haukupi kitu wala haukunyimi kitu. Hiyo ndiyo kanuni ya mwanzo: unahesabu hisa ulizokuwa nazo kabla sarafu haijaanguka. Sasa chukua ya katikati. Bei ikitoka mia kwenda mia na kumi, katikati yake ni mia na tano. Mia na tano mara kumi?"

"Elfu na hamsini."

"Ikishuka kwenda tisini, katikati ni tisini na tano. Unapoteza mia tisa na hamsini tu. Ushinde mara moja, ushindwe mara moja, umebaki na mia mkononi. Imetoka wapi?"

Msumari alifikiri. "Mimi ningeichukua, nisiulize."

"Ndivyo walivyofanya wao," binti akasema.

Ndimu alikuwa amekunja uso mpaka macho yamepotea. "Ngoja. Ili nishike hisa mia na tano, lazima nijue bei inapanda. Kabla haijapanda."

"Ndiyo, afande. Ni kuweka dau mpira ukiwa umeshafika nusu ya njia ya goli. Sokoni hakuna anayeruhusiwa. Unanunua kwanza, ndipo unaona. Lakini kompyuta haina aibu, ukiiambia ichungulie itachungulia. Kila hatua inaokota hamsini yake hewani. Mwisho wa mwezi ni kilima."

"Na wewe hutumia ipi?"

"Ya mwanzo. Siku zote."

"Mtu aliyesoma anawezaje kutumia ya katikati?"

"Kwa sababu alikotoka yeye, hiyo ndiyo sahihi."

"Wapi huko?"

Binti akageuza uso. Akatazama nje kupitia wavu wa dirisha mpaka wakafika mahakamani, na Ndimu hakumuuliza tena. Alimwambia askari wa mlangoni, "Huyu asiitwe kwanza. Wakimwita, semeni yuko msalani."

"Afande, siwezi kumdanganya hakimu."

"Basi mpeleke msalani kweli."

Mama yake binti alifika kwa miguu, anahema, akakaa kwenye benchi la korido. Vidole vyake vilikuwa na alama za sindano, na futi ya kupimia ilikuwa bado imening'inia shingoni. Alikuwa ametoka cherehani moja kwa moja. Ndimu akakaa kando yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyesimamisha gari?"

"Ni mimi. Mama, nina swali la kijinga. Friji lako lilitoka wapi?"

Mama alimtazama kama mtu aliyeulizwa rangi ya sokisi msibani. "Friji? Kaka yangu alininunulia. Mjomba wake huyu. Alipata kazi ya pembeni mwaka juzi, akasema dada, umeteseka na maji ya moto, kunywa ya baridi sasa."

"Kazi gani ya pembeni?"

"Hesabu hesabu. Si unajua yeye ni daktari? Si wa sindano. Wa pale chuoni, wa kutazama vumbi kwenye maji. Kuna mkubwa mmoja wa mfuko alisoma naye..."

Mkono wake ulikwenda kwenye ile futi, akaanza kuikunja kidogo kidogo, kwa uangalifu, kama inauzwa.

"Usiniulize tena, afande," akasema.

"Sitakuuliza."

"Baba yake alipofariki, ni kaka yangu aliyemlipia ada. Mpaka chuo kikuu. Alimfundisha yeye mwenyewe. Damu nzito. Sasa ukienda kwake na uso huo..."

"Ninao huu mmoja tu, mama."

Kutoka mahakamani hadi chuoni si mbali, lakini Msumari aliendesha kimya njia nzima, na hilo kwake ni jambo la kuandikwa gazetini. Maabara ilikuwa mwisho wa korido, chumba chenye mapazia mazito na harufu ya spiriti. Mlangoni palikuwa na sanduku la safari, limefungwa, lebo ya ndege ikining'inia mpinini. Ndani, mtu wa makamo mwenye miwani ya kamba alikuwa akichungulia darubini. Kioo kikubwa pembeni kilionyesha alichokuwa akikiona: tone la maji, na ndani yake punje nyeupe zinatetemeka, zinajongea, zinarudi, hakuna inayopumzika.

"Karibuni, karibuni," Daktari alisema. "Poleni na kazi. Pole yetu sote kwa kweli. Yule mtoto nimemlea mimi. Sijui shetani gani amemwingia."

"Unasafiri, Daktari?"

"Jioni hii. Mkutano wa wanasayansi, ng'ambo. Ulipangwa zamani."

"Uliwahi kuzifanyia kazi hesabu za mfuko wa reli?"

"Mimi? Afande, mimi ni mtu wa maji na punje. Fedha sizijui hata zangu."

Hakusita hata kidogo. Ndimu aliinamia kile kioo. "Hizi zinachezeshwa na nini?"

Uso wa Daktari ulifunguka. Kumbe alikuwa mwalimu mzuri. Hata Msumari alisogea. Alieleza kwamba punje haina uhai, inagongwa na chembe za maji zisizoonekana, kutoka kila upande, bila mpango, na kwamba kutokana na mtikisiko huo mtu anaweza kupima joto la maji bila kipimajoto. Alieleza kuwa msukumo wa maji hauji ghafla kama kofi. Unaanza, unakua, unakwisha, na punje inasogea wakati ule ule inaposukumwa.

"Mpwa wako amenifundisha mchezo wa sarafu unaofanana na huu," Ndimu alisema, kama anayepitisha muda. "Bei mia, inapanda kumi, unashika hisa sawa na bei. Yeye anasema nimepata elfu moja. Huyu Koplo wangu anabisha, anasema kakosea."

Msumari, ambaye hakuwa amebisha chochote tangu azaliwe, alitikisa kichwa kwa uzito.

Daktari akacheka. "Bado yuko pale pale." Akachukua chaki, akageukia ubao. "Mia, na mia na kumi. Katikati, mia na tano. Mara kumi. Elfu moja na hamsini. Koplo yuko sahihi."

"Asante," Msumari akasema.

"Nimemkosoa tangu mwaka wa kwanza. Kichwa kigumu kama mama yake. Kila hesabu anachukua thamani ya mwanzo. Nimeeleza, nimegomba, nimemnyima alama."

"Labda baadaye alibadilika. Kazini."

"Yule? Hajawahi kuchukua katikati hata siku moja. Na hatachukua. Ataingia kaburini na ya mwanzo."

"Hata siku moja?"

"Naapa, afande. Ningekuwa wa kwanza kujua."

"Koplo, umeandika?"

"Nimeandika mpaka kaburi."

Ndimu alijinyoosha. Sauti yake haikupanda, na waliomfahamu wangejua hiyo ndiyo mbaya.

"Programu ya mfuko inachukua katikati, Daktari. Mstari hadi mstari."

Nyuma yake punje ziliendelea kucheza. Daktari aliitazama chaki mkononi, kisha ile elfu moja na hamsini ubaoni, akainua kiganja kutaka kuifuta. Msumari akamshika kiwiko, kwa adabu.

"Iache," Ndimu akasema. "Ni mwandiko wako."

"Lilikuwa kosa la kweli," Daktari alisema hatimaye. "Mkurugenzi alikuja akasema nyinyi mna hesabu za mtikisiko, tusaidie. Nikachukua programu yangu ya punje, nikabadilisha majina tu. Panapoandikwa punje, nikaandika bei. Ilikuwa kazi ya wiki. Nani hakosei?"

"Kosa silo lililonileta. Nani aliweka jina la mtoto juu yake?"

"Mkurugenzi alisema ni kijana, hana rekodi, atapewa onyo tu. Mimi ningepoteza maabara. Ningepoteza kila kitu."

"Na binti alijua kuwa ni kazi yako."

Daktari akaanza kupangusa chaki vidoleni.

"Nimekuuliza."

"Alikuja hapa. Mwaka jana. Alisimama pale ulipo. Akasema, mjomba, kuna hela inatoka hewani, simamisha kabla haijaua mtu." Alivua miwani. "Nikamwambia asinifundishe kazi. Nikamfukuza."

"Mzee wa watu amekanyagwa getini kama mkeka. Na binti huyu amekaa mahabusu siku zote hizi, kimya, ili wewe upande ndege."

"Afande, mimi nilimlipia ada tangu baba yake alipokufa. Nilimsomesha mimi."

"Anayelishwa ili achinjwe ni kuku, Daktari," Ndimu akasema. "Yule ni mtoto wa dada yako. Vaa viatu vizuri, tunatoka."

Akapiga simu mahakamani akiwa bado ndani ya korido, mkono mmoja unaburuta lile sanduku. Mwendesha mashtaka alisema binti ameshaitwa, ndiyo anapanda kizimbani, hakimu amekasirika, na kuna askari mmoja anasingizia tumbo la mahabusu.

"Ondoa mashitaka," Ndimu alisema.

"Kwa amri ya nani? Mkuu wako..."

"Mkuu nitamtukana mwenyewe nikifika. Ninaye mwandishi wa programu hapa, kakiri mbele ya askari wawili, na ushahidi uko ubaoni. Ukimsomea yule binti neno moja, nitakuja kukusomea wewe."

Mwendesha mashtaka aliondoa mashitaka.

Daktari alifungwa. Alikiri mahakamani, na hakuomba kupunguziwa. Mkurugenzi alisema hakujua hesabu, akaaminika nusu. Alifukuzwa kazi, na sasa ni mshauri wa mfuko mwingine, wa walimu. Katibu muhtasi aliachishwa kazi siku ile ile ya chai, akashtaki, akashinda. Wazee wa reli walirudishiwa sehemu ndogo ya akiba yao, wengine walishakufa kabla ya zamu yao kufika. Familia ya mpiga ishara ilipewa barua ya pole yenye jina lililokosewa. Msumari alistaafu na anasimulia kisa hiki kana kwamba yeye ndiye aliyeshika chaki. Ndimu alipewa onyo kwa kusimamisha gari la serikali, akahamishiwa kituo cha mbali.

Mkokotozi hakurudi kwenye mfuko. Anafanya kazi idara ya hali ya hewa. Hakwenda kwenye kesi ya mjomba wake, wala hajawahi kumtaja. Kila Jumapili mama yake anafunga vyombo vya chakula kwenye kikapu, anatoka navyo, anarudi navyo vitupu. Binti haulizi vimekwenda wapi; huvipokea mlangoni akaviosha. Friji liko pale pale karibu na cherehani. Halijachomekwa umeme tangu siku ile. Mama anahifadhia nyuzi humo.